Lipu Ngumu, Ukuta Mgonjwa

Masika yakiisha, mafundi wa lipu hupata kazi. Rangi imevimba malengelenge kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, unga mweupe wa chumvi umejitokeza pembeni, na ukibonyeza kidole lipu inadondoka kama mkate uliochacha. Mazungumzo yanayofuata kati ya mwenye nyumba na fundi yanajulikana kabla hayajaanza. Mwenye nyumba analalamika kwamba fundi wa kwanza alimwibia saruji. Fundi wa pili anakubali upesi, maana ni nadra fundi kumtetea mwenzake, na anaahidi kwamba safari hii atachanganya moja kwa tatu, yaani saruji moja kwa mchanga mara tatu, tena atatia dawa ya kuzuia maji. Lipu ya zamani inabanduliwa, mpya inapigwa ikiwa ngumu kama zege, na kwa mwaka mmoja au miwili nyumba inapendeza. Kisha malengelenge yanarudi, mara nyingi juu kidogo ya pale yalipokuwa mwanzo. Makala haya yanashikilia kwamba tiba hiyo ndiyo inayoendeleza ugonjwa. Lipu nzuri ni ile iliyo dhaifu kidogo kuliko ukuta unaoibeba, na inayopitisha mvuke kwa urahisi kuliko ukuta huo. Kila inapokuwa ngumu kuliko kilicho nyuma yake, kitakachoharibika ni ukuta, na ukuta ni ghali kuliko lipu.

Tuanze na maji, kwa kuwa karibu kila kasoro ya lipu ina maji ndani yake. Tofali la saruji, tofali la kuchoma, jiwe la matumbawe na udongo uliokandikwa kwenye fito vyote vina vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Ardhi iliyolowa ikigusana na vitundu hivyo, maji hupanda yenyewe, bila kusukumwa, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Hayapandi bila kikomo. Yanafika mahali ambapo kiasi kinachopanda kinalingana na kiasi kinachokauka kupitia uso wa ukuta, na hapo yanasimama. Ukilielewa jambo hilo moja, nusu ya mafumbo ya kuta mbovu yanafumbuka. Ukiziba uso wa chini wa ukuta kwa lipu nzito yenye dawa, hujazuia maji kuingia kutoka chini. Umezuia tu yasitoke. Basi yataendelea kupanda mpaka yapate uso ulio wazi. Ndiyo maana nyumba iliyopakwa rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi mita moja, mtindo tuliourithi shuleni na zahanati kwa sababu unafutika kwa kitambaa, hutoa malengelenge juu tu ya mstari wa rangi hiyo. Na ndiyo maana wanaobandika marumaru au vipande vya mawe ya urembo nje ya ukuta ili kuficha unyevu huukuta unyevu huohuo miaka michache baadaye ukichungulia juu ya marumaru.

Maji yakipanda hayaji peke yake. Hubeba chumvi kutoka ardhini, na kwenye nyumba za Pwani hubeba pia chumvi iliyokuwa ndani ya mchanga na mawe tangu siku ya ujenzi. Maji yanapokauka, chumvi hubaki na kujijenga kuwa fuwele. Hapa pana tofauti ambayo jicho la kawaida halioni. Lipu ikiwa na vitundu vya kutosha, maji hukaukia karibu na uso wake wa nje, chumvi hujitokeza kama unga, na unga hufagiliwa. Lipu ikiwa imejibana, maji hukaukia nyuma yake, kwenye mpaka kati ya lipu na tofali, na fuwele hukua mahali ambapo hapana nafasi ya kukua. Nguvu ya fuwele hizo inatosha kupasua jiwe. Kwa hiyo lipu ngumu inapodondoka, tazama mgongo wake: mara nyingi imeng'oka na ngozi ya tofali. Fundi huona ushahidi kwamba iliganda vizuri. Ukweli ni kwamba tofali limeliwa, na lipu itakayofuata itapigwa juu ya tofali lililopungua.

Ugumu una kosa lake la pili, nalo halihitaji unyevu wa ardhini hata kidogo. Saruji husinyaa inapokauka, na mchanganyiko wenye saruji nyingi husinyaa zaidi. Lipu ya moja kwa tatu iliyopigwa kwenye ukuta wa matofali ya kufyatua inajaribu kupungua ukubwa huku ukuta ukiishikilia ibaki palepale. Ikiwa nyembamba na ukuta una nguvu, inapasuka nyufa za mtandao, zile zinazofanana na matope ya bwawa lililokauka. Ikiwa nene na ukuta ni dhaifu, inajivuta na kuachana na ukuta, ndipo unapoigonga na kusikia sauti ya debe tupu. Halafu juu yake fundi hupiga niru ya saruji tupu ili uso ung'ae, yaani anaweka tabaka gumu kuliko yote mahali ambapo panatakiwa tabaka laini kuliko yote. Kanuni ya kale ya kazi hii ni kwamba nguvu ipungue kadiri unavyotoka nje: ukuta kwanza, kisha tabaka la chini, kisha tabaka la juu. Mitaani tunajenga kinyume, tofali la mchanga mwingi ndani na gamba la chuma nje.

Watu wa Pwani waliifuata kanuni hiyo kwa karne nyingi, ingawa hawakuwa na hiari kubwa, kwa sababu kitu walichokuwa nacho kilikuwa chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, ni mawe na chokaa. Zidaka za nyumba za Lamu na Pate za karne ya 18, zile safu za vishubaka vya kuwekea sahani za kaure, zilichongwa ndani ya lipu ya chokaa ilipokuwa bado mbichi kiasi cha kukubali kisu. Malighafi ilitoka baharini na ufukweni: mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa kwa siku kadhaa. Joto likifika karibu nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe hutoa hewa ya kaboni dioksidi na kubaki chokaa hai, nyepesi na yenye kiu. Ukiimwagia maji inalia, inatokota, inatoa mvuke na kupasuka yenyewe kuwa uji mweupe, kazi ya hatari kwa macho na ngozi, ambayo hata leo haifai kufanywa bila miwani na glavu. Uji huo uliachwa shimoni chini ya maji kwa wiki nyingi, mara nyingine miezi, ukazidi kulainika. Ukipigwa ukutani huanza safari ya kurudi ulikotoka: hufyonza kaboni dioksidi kutoka hewani na kuwa tena jiwe la chokaa, polepole, kutoka uso wa nje kuelekea ndani. Jiwe hilo jipya ni laini, lina vitundu tele, na lina tabia moja ambayo saruji inayo kwa uchache sana. Ufa mwembamba ukitokea, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo iliyobaki huru, huipeleka kwenye ufa, na kuiacha humo inapokauka. Lipu inajiziba.

Saruji ya kisasa ni ndugu wa mbali. Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliiandikishia hataza mwaka 1824, na huchomwa kwa joto linalokaribia nyuzi 1450. Katika sehemu zetu iligeuka bidhaa ya kila siku baada ya viwanda kusimama karibu: Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954, na Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Haikuwa ajabu kwamba mafundi waliipenda. Chokaa inahitaji wiki, saruji inahitaji saa. Chokaa inataka fundi anayejua hali ya hewa, saruji inamvumilia hata kibarua wa jana. Kwa muda wa kizazi kimoja ujuzi wa chokaa ulibaki kwa wazee wachache wa Lamu, Unguja na Kilwa, na neno chokaa likabaki, kwa watu wengi, kuwa jina la rangi nyeupe ya kupaka miti ya barabarani wakati wa ziara za viongozi.

Matokeo yake yanaonekana waziwazi zaidi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuta za nyumba kubwa za huko zina unene wa nusu mita na zaidi, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Ukuta wa namna hiyo haukujengwa ukae mkavu kabisa. Ulijengwa ulowe wakati wa mvua na ukauke wakati wa kaskazi, mwaka hadi mwaka. Ukiufunika kwa saruji pande zote mbili, unaendelea kulowa, kupitia nyufa za lipu hiyohiyo, kupitia darini, kupitia mabomba ya vyoo vilivyoongezwa ghorofani, lakini hauna tena njia ya kukauka. Udongo uliomo katikati hulainika. Na ndani ya ukuta huo zimo ncha za boriti. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, kwa kawaida si zaidi ya mita tatu hivi, kwa sababu upana wao uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba sakafu na dari. Ncha ya boriti iliyolala kwenye ukuta mkavu huishi miaka mingi. Ile iliyolala kwenye ukuta uliolowa huoza mahali ambapo hakuna anayeiona, na juu yake kuna sakafu ya mawe na chokaa yenye uzito mkubwa. Sisemi kwamba kila jengo lililoanguka huko liliangushwa na lipu. Majengo huanguka kwa sababu nyingi zikishirikiana, na ukosefu wa matengenezo ndio kinara wao. Ninachosema ni kwamba lipu ya saruji huficha dalili zote hizo mpaka zimekomaa, huku mwenye nyumba akiamini amefanya ukarabati.

Atakayeona kwamba mfano mmoja wa kisiwani hautoshi, atazame mbali zaidi. Katika jimbo la New Mexico, Marekani, kuna kanisa la matofali mabichi la San Francisco de Asís, Ranchos de Taos, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na kuchorwa na mchoraji Georgia O'Keeffe. Kwa desturi, waumini walilikandika kwa udongo wenyewe, tena na tena. Mwaka 1967 wakaamua kujipunguzia kazi, wakalivika lipu ya saruji. Maji yaliingia kwenye nyufa, yakanaswa nyuma ya saruji, na tofali bichi likaanza kuyeyuka ndani ya gamba lake. Kufikia mwaka 1979 saruji ilikwishabanduliwa, udongo ukarudi, na hadi leo waumini hukusanyika kila mwaka kulikandika upya. Mfano huu una thamani kwetu kwa sababu mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki wanaishi katika nyumba za udongo, na ndoto ya kwanza ya mwenye nyumba hiyo akipata fedha kidogo ni kuipiga lipu ya saruji. Inapendeza siku ya Idi. Lakini udongo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, saruji haifuati, na kabla ya muda mrefu vibamba vyenye ukubwa wa sinia vinaning'inia ukutani. Fedha hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua mabati yanayotoka nje zaidi ya ukuta na msingi wa mawe ulionyanyuka juu ya ardhi. Kisha ukuta ungekandikwa udongo uliochanganywa na mchanga na kidogo cha chokaa.

Hapa mwenye nyumba ya matofali ya saruji atauliza: haya yananihusu nini? Nyumba yangu haina boriti wala udongo. Ni saruji juu ya saruji. Ni pingamizi la haki, na sehemu yake ni kweli. Ukuta wa saruji uliojengwa vizuri, wenye karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi na paa lisilovuja, hauhitaji lipu ya chokaa tupu. Ila tofali la saruji la mtaani si saruji kwa maana anayoifikiria. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutolewa matofali mengi kuliko inavyopasa, na tofali linalokwanguka kwa ukucha haliwezi kubeba lipu ya moja kwa tatu. Kwa kuta za ndani, sehemu moja ya saruji kwa tano au sita za mchanga inatosha kabisa. Nje, panapopigwa na mvua za kusi, mchanganyiko bora ni wa ndugu wote wawili: saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Saruji inaipa lipu nguvu ya mapema, chokaa inaipa ulaini, inaifanya ishike mwikoni bila kudondoka, na inapunguza kusinyaa. Kwa tofali dhaifu zaidi, moja kwa mbili kwa tisa. Vipimo hivi si siri. Vimo katika vitabu vya ujenzi vya zamani kabla hatujaamini kwamba saruji zaidi ni ubora zaidi.

Mwenye shaka ana swali jingine, na nadhani ndilo linalotawala mawazo ya wengi: tukisema lipu iwe dhaifu, si tunawapa mafundi wezi kibali? Hapana, kwa sababu udhaifu uliokusudiwa na ubovu ni vitu viwili. Lipu ya moja kwa sita iliyochanganywa kwa ndoo ile ile ya kupimia, kwa mchanga safi, ikatumika ndani ya saa moja na kumwagiliwa siku kadhaa, ni imara kuliko ya moja kwa tatu iliyopimwa kwa chepe na kukaushwa na jua la saa saba. Lipu nyingi zinazodaiwa kukosa saruji zilikosa maji ya kumwagilia au zilikuwa na mchanga mchafu. Mchanga unapimika bila maabara. Jaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, ongeza maji mpaka karibu na shingo, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie mpaka kesho. Mchanga utalala chini, na udongo laini utakaa juu yake kama tabaka la rangi nyingine. Tabaka hilo likizidi kidole chembamba kwa mchanga wa kiganja kizima, rudisha gari lilikotoka. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, hata ukiwa mweupe na msafi wa kuvutia: chumvi yake itafyonza unyevu wa hewani na ukuta utatoka jasho hata wakati wa kiangazi.

Pingamizi zito kuliko hayo linahusu chokaa yenyewe. Matumbawe ni makazi ya samaki, mikoko ni ukingo wa pwani, na kuchoma kimoja kwa moto wa kingine ili kupamba nyumba ni hasara mara mbili. Anayesifu ujuzi wa wazee bila kulitaja hilo anasimulia nusu. Lakini chokaa haihitaji bahari. Jiwe la chokaa la nchi kavu lipo kwa wingi, Tanga kwa mfano, na chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji huuzwa kwa mifuko. Ubora wa mifuko hiyo unatofautiana, hivyo inunuliwe ikiwa mpya na kavu, maana chokaa iliyokaa dukani ikivuta hewa imekwisha kugeuka jiwe ndani ya mfuko na haishiki tena. Loweka siku moja au mbili kabla ya kutumia. Kuhusu bei na muda, sina ubishi: kazi ya chokaa inachukua wiki pale saruji inapochukua siku, na mafundi wake ni wachache. Hata hivyo hesabu ya anayebandua lipu kila baada ya masika matatu haijumlishwi vizuri akitazama gharama ya mara moja tu.

Kama ukarabati unaanza, mwiko ukae kando kwanza. Zunguka nyumba nje. Je, ardhi au barabara imepandishwa kwa vifusi mpaka ikapita usawa wa sakafu ya ndani? Katika miji yetu hili ni la kawaida kuliko bomba lililopasuka. Je, maji ya paa yanamwagika chini ya ukuta, karo la kufulia limeegemezwa ukutani, kiyoyozi kinadondosha mahali pamoja mchana kutwa? Kama huna hakika unyevu unatoka wapi, chukua kipande cha nailoni angavu chenye upana wa nusu mita, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa juu yake, ni mvuke wa jikoni au bafuni unaogandia kwenye ukuta wa baridi, na unachohitaji ni dirisha. Nyufa nazo zichunguzwe kabla ya kuzibwa. Mtandao mwembamba ni lipu iliyosinyaa. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kupita ndani ya tofali ni msingi unaotitia au linta iliyochoka. Weka bonge dogo la jipsamu kukatisha ufa huo, andika tarehe, na likikatika baada ya miezi, tafuta mhandisi. Hakuna lipu inayoshikilia nyumba inayotembea.

Ndipo kazi yenyewe inafuata. Gonga ukuta wote kwa mpini wa mwiko na uzungushie chaki kila panapolia tupu. Kata kwa patasi, usipige nyundo kiholela, na upite sentimita 10 hivi nje ya chaki mpaka ukute lipu iliyoshika. Kwenye unyevu wa kupanda, bandua mpaka nusu mita juu ya alama ya juu kabisa. Kingo ziwe wima au ziingie kidogo kwa ndani, maana kingo zilizolala hutoa lipu nyembamba kama karatasi, na hiyo ndiyo huchanika kwanza. Kwangua viungo vya tofali kwa kina cha sentimita moja na nusu. Chumvi ifagiliwe ikiwa kavu. Ukiiosha unairudisha ndani. Kisha lowesha ukuta jioni, na tena asubuhi, mpaka unywe lakini using'ae maji. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua zaidi: tofali kavu hufyonza maji ya lipu kwa dakika chache, saruji inabaki bila maji ya kugandia, na kiraka kinakuwa unga nyuma ya uso mzuri. Rusha tabaka la kwanza kwa nguvu badala ya kulipaka, lisizidi milimita 12, likwaruze kwa mistari ya mawimbi, na uliache likaze. Tabaka la pili liwe jembamba zaidi, tena lisiwe na saruji nyingi kuliko la kwanza. Sawazisha kwa kibao cha mti. Chuma huvuta maji ya saruji juu na kuufunga uso. Tundika magunia mabichi, mwagilia kwa siku saba kama ni saruji, na kama ni chokaa nyunyizia kidogo kidogo na uikinge jua na upepo kwa muda mrefu zaidi, huku ukingoja wiki au zaidi kati ya tabaka na tabaka. Jipsamu isikaribie sehemu hii ya chini ya ukuta, kwa kuwa maji huilainisha na kuiyeyusha taratibu, hata kama muuzaji ana picha nzuri.

Linalobaki ni rangi, na rangi ndiyo inayoharibu kazi nyingi zilizofanywa sawa. Ukuta uliolowa kwa miaka haukauki kwa wiki mbili. Makisio yanayotumiwa na wahifadhi wa majengo ni takriban sentimita mbili na nusu za unene kwa mwezi, kila upande; ukuta wa sentimita 50 unaokauka pande zote mbili unahitaji karibu miezi kumi, na tofali la sentimita 15 linahitaji angalau mitatu. Ukipaka rangi ya mafuta au ya plastiki kabla ya hapo umefunga tena mlango uliotoka kuufungua. Katika muda huo paka maji ya chokaa, matabaka matatu au manne membamba sana, ambayo yanapitisha mvuke na yanagharimu kidogo. Kwa ukuta wenye chumvi nyingi, mtu mwangalifu hupiga hata lipu ya muda, chokaa na mchanga mwingi, akijua tangu mwanzo kwamba ataitupa: chumvi itahamia ndani yake, lipu hiyo itaanza kubomoka baada ya mwaka mmoja au miwili, itabanduliwa na kupelekwa mbali na nyumba, isitumike kama kifusi cha kujazia uani, na lipu ya kudumu itapigwa kwenye ukuta uliopungua chumvi.